Marashi Mepesi kwa Jua la Karurumo

Chupa nyingi za marashi yanayoitwa ya kiangazi huchorwa bahari, limau lililokatwa na anga ya samawati, na hutangazwa kwa nguvu kuanzia Juni. Ulaya, Juni ndio jua linaanza kuwaka. Hapa Karurumo, Embu, Juni hadi Agosti ni miezi ya sweta: ukungu unashuka kutoka Mlima Kenya, nguo hazikauki kambani, na asubuhi hakuna anayetaka kubanduka motoni. Ukinunua marashi hayo wakati huo kwa kuwa tangazo limesema ndio msimu wake, utajipulizia usisikie kitu, utaongeza usisikie, kisha umlaumu mwenye duka. Baridi huyazuia marashi kupaa kutoka kwenye ngozi, na yale mepesi ndiyo hufichika zaidi.

Basi anza na kalenda yako mwenyewe. Kiangazi cha upande huu wa Embu huja mvua za vuli zikiisha, mwishoni mwa Disemba, na huendelea hadi mvua za masika zinapobisha hodi mwezi wa Machi. Januari na Februari ndiyo miezi yenyewe. Kuna kipindi kingine kifupi cha jua, Septemba hadi katikati ya Oktoba, baada ya baridi kuondoka na kabla ya vuli. Pima pia unakoelekea. Ukishuka kuelekea Ishiara unaingia kwenye jua la Mbeere, ambalo halina mzaha. Ukipanda kuelekea mashamba ya majani chai yanayopakana na msitu, utahitaji koti asubuhi hata Februari. Mtu anayelala juu na kufanya kazi chini ana hali mbili za hewa ndani ya siku moja, na inampasa achague marashi kwa ajili ya kule atakakokuwa saa saba mchana, wala si kwa ajili ya chumba anachovalia nguo.

Sasa lile ambalo wauzaji hawapendi kulisema: marashi mepesi yametengenezwa yaondoke. Harufu ya limau, chungwa, mnanaa au bergamoti hutoka kwenye chembechembe ndogo zinazopaa upesi. Ndiyo maana zinakupiga puani mara tu chupa inapofunguliwa, na ndiyo maana nusu saa baadaye zimekwisha. Kinachobaki ni harufu ya kati, mara nyingi maua au majani, na chini yake harufu ya mwisho, kama miski au mbao, ambayo ndiyo hukaa hadi jioni. Swali linaloulizwa katika kila duka la vipodozi, "haya yanakaa saa ngapi?", linafaa kwa udi na ambari. Kwa marashi ya limau ni swali linalokuelekeza kubaya, kwa sababu litakufanya urudi nyumbani na kitu kizito kilichopakwa rangi ya kijani. Uliza badala yake: yakishaondoka yale ya mwanzo, kinachobaki nakipenda? Halafu panga utakavyojipulizia tena mchana.

Maandishi ya kwenye kasha yatakusaidia. Eau de Cologne huwa na mafuta ya manukato kiasi cha asilimia 2 hadi 5 hivi, Eau de Toilette asilimia 5 hadi 15, na Eau de Parfum 15 hadi 20. Sehemu kubwa ya kilichobaki ni spiriti na maji. Kwa jua la Februari chukua mojawapo ya hayo mawili ya kwanza. Hii si kwa sababu ni ya bei nafuu, ingawa mara nyingi ni nafuu. Ni kwa sababu joto la mwili na la jua litafanya kazi ya kuyasukuma nje, na ukianza na kitu kikali utakuwa umewavamia wenzako bila kujua.

Eau de Cologne ina historia ndefu. Ilitengenezwa na Johann Maria Farina, Mwitaliano aliyehamia Cologne, Ujerumani. Mwaka 1708 alimwandikia nduguye kwamba amepata harufu inayomkumbusha asubuhi ya Italia, maua ya mchungwa baada ya mvua. Mtu wa Karurumo hahitaji kwenda Italia kuelewa alichomaanisha. Kahawa ikipigwa na mvua ya kwanza baada ya ukame, kiasi cha wiki moja hivi baadaye mashamba yote hugeuka meupe, na harufu yake ni jamaa wa karibu wa asumini na maua ya mchungwa. Siku mbili tatu, imekwisha. Kama unaipenda harufu hiyo, una dira ya kununulia: tafuta marashi yaliyoandikwa kuwa na asumini au maua ya mchungwa pamoja na limau au bergamoti. Kama harufu ya kahawa inayochanua hukuumiza kichwa, na wapo inayowaumiza, basi kaa kwenye majani: mnanaa, mchaichai, chai ya kijani.

Harufu ile ya "bahari" kwenye chupa za buluu ni jambo jingine. Haitoki baharini. Sehemu kubwa yake ni kemikali iitwayo kaloni, iliyogunduliwa na wanakemia wa kampuni ya dawa ya Pfizer mwaka 1966, na yenyewe inakaribia tikiti maji kuliko bahari. Yeyote aliyewahi kusimama soko la samaki Mombasa anajua bahari inanuka nini. Marashi kama Cool Water ya Davidoff ya mwaka 1988, CK One ya Calvin Klein ya 1994 na Acqua di Giò ya Armani ya 1996 ndiyo yaliyoeneza ladha hii ya usafi na maji duniani, na mengi ya yanayouzwa kwa kupimwa katika miji yetu ni mwigo wa hayo. Sina ugomvi na mwigo. Nina ugomvi na mwigo unaouzwa kwa bei ya chupa halisi.

Kabla ya chupa

Marashi hayaondoi kikwapa. Yakichanganyika na jasho la jana yanazaa kitu cha tatu ambacho hakina jina zuri. Jasho lenyewe likitoka halinuki. Ni bakteria wa kwapani wanaolila ndio huleta harufu. Kwa hiyo sabuni na maji kwanza, kisha ukauke vizuri, kisha kizuia jasho au jiwe la shabu lililoloweshwa. Karai moja la maji linatosha; kiangazi maji ni ya kubana, na hakuna anayedai uoge kwa bomba lililofunguliwa nusu saa.

Hapa kuna tahadhari moja ambayo naomba uishike hata kama utasahau mengine. Wengi hujipaka ndimu au limau kwapani, shingoni au usoni ili kukata harufu na kung'arisha ngozi. Ndimu ina kemikali ambazo zikipigwa na jua juu ya ngozi huiunguza: huja wekundu, wakati mwingine malengelenge, kisha doa jeusi linaloweza kukaa wiki au miezi. Bergamoti nayo ina kemikali za jamii hiyo. Kampuni kubwa za marashi hufuata viwango vya kuzipunguza, au hutumia mafuta yaliyotolewa kemikali hizo, lakini mafuta ya kupima kwenye kichupa kisicho na maandishi huwezi kuyajua. Ukikamua ndimu kwenye maji ya matunda ya wageni, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kutoka nje. Na marashi yenye limau au bergamoti usiyaweke mahali palipo wazi kwa jua: shingo, kifua kilicho wazi, mikono ya mtu anayekwenda kuchuma kahawa kutwa nzima.

Ngozi kavu hula marashi. Januari upepo na vumbi jekundu huikausha ngozi hadi inaonekana kijivu, na marashi yakiwekwa juu yake hayafiki mbali. Paka kwanza mafuta yasiyo na harufu kali. Vaseline ya kawaida, ile isiyotiwa manukato, inatosha. Kidogo tu kifuani na nyuma ya goti, kisha puliza juu yake. Losheni yenye harufu ya nazi, sabuni yenye harufu ya waridi, kizuia jasho chenye harufu ya mvulana wa kidato cha pili, na marashi ya limau juu ya vyote hivyo, ni kelele. Chagua kimoja kiseme.

Nguo nazo. Blauzi ya poliesta ya mitumba inashika jasho na kuling'ang'ania hata baada ya kufuliwa, pamba inaachilia. Kama una nguo moja tu ya pamba, iwe ile ya siku ya safari. Na nguo ya kutokea usiitundike jikoni. Moshi wa kuni una nguvu kuliko marashi yoyote mepesi, na mtu aliyenukia limau na moshi kwa pamoja watu hudhani amepika samaki. Ukimaliza kupika, badilisha blauzi, nawa mikono na uso, ndipo ujipulizie, tena mbali na jiko. Marashi ni spiriti kwa sehemu kubwa, na spiriti inashika moto.

Wa pwani wanafanyaje?

Msomaji mwerevu atauliza: mbona Lamu, Mombasa na Unguja, kwenye joto linalotushinda sisi, watu wanapenda harufu nzito? Ni kweli. Udi, ambari, halud, miski, vyote ni vizito kuliko chochote nilichokitaja. Lakini angalia vinavyotumiwa. Udi hufukizwa, na moshi wake huingia kwenye nguo na nywele, si kwenye ngozi inayotoka jasho. Kikuba cha asumini na rihani hubandikwa kwenye nguo au nywele. Na saa yake mara nyingi ni jioni, ndani ya nyumba, kwenye harusi, au kati ya mke na mumewe. Hakuna anayejifukiza udi ili apande matatu saa sita mchana.

Na hao hao wa pwani wana marashi yao mepesi ya tangu zamani: maji ya waridi. Kwenye harusi na maulidi mgeni hunyunyiziwa kutoka kwenye mrashi, chombo chenye shingo ndefu na tundu ndogo ndogo, na harufu ile hukaa muda mfupi kisha inaondoka. Hiyo ndiyo tabia tunayoitafuta. Mtu wa Karurumo mwenye ndugu Mombasa asiagize halwa peke yake. Aagize na chupa ya maji ya waridi, aitie kwenye kichupa cha kupuliza, aiweke mahali penye baridi ndani ya nyumba. Saa nane mchana, usoni na shingoni, haina mpinzani. Hakikisha tu ni maji ya waridi safi na si spiriti iliyotiwa rangi ya waridi. Ukidondosha kidogo kiganjani, safi haina ule ubaridi mkali wa spiriti wala haikauki mara moja.

Kiasi na mahali

Mipulizo miwili asubuhi. Mmoja kifuani chini ya shati au blauzi, mmoja nyuma ya shingo pale kola inapofunika, au nyuma ya magoti kama umevaa sketi. Harufu hupanda na joto. Shika chupa umbali wa kiganja kilichonyooshwa. Kusugua vifundo vya mikono hakuharibu marashi kama wengi wanavyoapa, ila kunaharakisha kuondoka kwa ile harufu ya mwanzo uliyoilipia. Acha yakauke yenyewe. Mpulizo mmoja unaweza kuuweka kwenye leso ya mfukoni au upindo wa leso ya kiunoni. Kitambaa hushika harufu muda mrefu kuliko ngozi. Nguo nyeupe jaribu kwanza sehemu isiyoonekana, maana baadhi ya marashi huacha doa la manjano.

Baada ya dakika chache utadhani yamekwisha. Mara nyingi hayajaisha, pua imezoea. Kabla ya kuongeza, muulize mtu aliyeingia sasa hivi kutoka nje. Na kama ni kuongeza, ongeza saa saba au nane, baada ya kupangusa jasho kwa kitambaa chenye maji, mpulizo mmoja au miwili. Ndiyo maana kichupa kidogo cha mililita 5 kwenye mkoba kina thamani kuliko chupa kubwa iliyobaki nyumbani.

Hesabu yake ni rahisi. Mpulizo mmoja ni takriban sehemu ya kumi ya mililita. Mililita 10 ni mipulizo mia. Ukitumia minne kwa siku, una siku 25. Chupa ya mililita 50 kwa mwendo huo inakuvusha kiangazi chote na kubaki. Anayekuuzia mililita 100 kwa sababu "ni nafuu ukilinganisha" anakuuzia kiangazi cha mwaka ujao, wakati ambapo huenda limau likawa limeharibika.

Mahali pa kujizuia

Matatu ya kwenda Embu mjini ikijaa, madirisha yamefungwa kwa sababu ya vumbi, ni chumba kidogo chenye mapafu mengi. Mipulizo miwili ya nyumbani inatosha. Wa tatu upige ukishashuka. Ukienda kumtazama mgonjwa, hospitali ya misheni ya Kyeni au kwingineko, usijipulizie kabisa. Harufu kali inaweza kumwamshia pumu mwenye pumu, na mama mwenye mimba changa hukichukia hata kile alichokipenda mwezi uliopita. Anayebeba mtoto mgongoni asiweke marashi mgongoni wala shingoni; pua ya mtoto imelala pale pale. Matangani, maji na sabuni vinatosha.

Halafu kuna nyuki. Huku kwetu mizinga iko mitini, na ukishuka Mbeere iko mingi zaidi. Nyuki huwasiliana kwa harufu, na mmoja wa ujumbe wao mkuu wa hatari ni kemikali ile ile inayofanya ndizi mbivu inukie ndizi. Marashi na losheni za matunda, hasa zenye harufu ya ndizi au peasi, mara nyingi hutiwa kemikali hiyo. Kama njia yako ya kwenda shambani inapita karibu na mizinga, au unakwenda kurina asali na mjomba, acha marashi nyumbani. Si ushirikina. Wafugaji nyuki husema hivyo, na wanakemia wanakubaliana nao.

Kununua

Usinunue kwa kunusa kifuniko. Omba upuliziwe kwenye karatasi, upunge, unuse. Ukipenda, puliza kwenye mkono mmoja, aina nyingine kwenye mkono wa pili, zisizidi mbili, kisha uondoke dukani. Nenda ununue nyanya, lipa deni la chama, tembea kidogo, mikono ikiwa imefunikwa. Rudi baada ya saa moja ukiwa unajua kilichobaki. Muuzaji anayekukataza kuondoka bila kununua amekusaidia kuamua.

Mafuta ya kupima yana faida yake: unanunua kidogo, unajaribu, hujuti sana. Uliza yamechanganywa na nini. Mafuta mazito yasiyotiwa spiriti hayatakupa ule upepo wa mwanzo wa limau. Yatakaa kwenye ngozi na kunukia taratibu, kitu kizuri kwa jioni lakini si kwa mchana wa Februari. Chupa iliyofungwa nayo iangalie: nembo ya KEBS (shirika la viwango la Kenya), jina la mtengenezaji, orodha ya viungo, herufi zilizonyooka, kifuniko kisichocheza. Jina maarufu lenye herufi moja iliyobadilishwa si bahati mbaya ya mchapaji. Bei gawanya kwa mililita kabla ya kulinganisha maduka, kwani chupa huumbwa ili zionekane kubwa.

Kama kichupa kimeandikwa sandali, uliza imetoka wapi. Kenya ilipiga marufuku uvunaji wa msandali wa mwituni mwaka 2007, na tangu 2013 biashara yake ya kimataifa imo chini ya CITES, mkataba wa kudhibiti biashara ya viumbe vilivyo hatarini, kwa sababu mti huo uling'olewa na mizizi yake katika nyanda kavu hadi ukawa adimu. Sandali nyingi ya kwenye chupa za bei ya kawaida ni ya maabara, na hiyo haina shida. Anayejisifu kwamba yake ni halisi na imetoka "hapa hapa" ndiye wa kuepuka.

Kuhifadhi

Nyumba ya mabati mchana wa Februari ni tanuri. Chupa ikiwekwa dirishani kwa ajili ya urembo, mwanga na joto huivunja harufu ile ya limau kwanza kabla ya vingine. Iache ndani ya kasha lake, kwenye droo ya chini au ndani ya sanduku chini ya kitanda, kifuniko kimekazwa. Usiiache bafuni, wala ndani ya gari lililoegeshwa juani. Ukifungua chupa ya mwaka jana ukasikia harufu ya kalamu za nta au mafuta ya taa pale palipokuwa na limau, imechacha. Mafuta ya limau yaliyochacha huwasha ngozi kuliko yakiwa mapya, kwa hiyo usijipulizie tena. Puliza kwenye pazia au kwenye zulia la mlangoni hadi iishe, na mwaka ujao nunua kichupa kidogo.